Mpaka wa Mji wa Tulsa

Miji mingi ina mipaka isiyoandikwa katika ramani. Mgeni apitaye haioni, lakini mtoto aliyezaliwa mjini huijua kabla hajajua kusoma: hujua njia ya kupita peke yake, na njia ya kupita na wenziwe tu. Mwaka 1967 ilichapwa Marekani riwaya moja iliyoeleza mpaka wa namna hiyo, nayo ilitoka mikononi mwa msichana. Jina lake Susan Eloise Hinton, mzaliwa wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma. Alianza kuiandika alipokuwa na umri wa miaka 15, akisoma katika shule ya sekondari ya Will Rogers. Ikatoka naye ana miaka 18. Juu ya jalada palitiwa herufi za kwanza za majina yake, S. E. Hinton, kwa kuchelea kuwa wahakiki wasingemsadiki mwanamke asimuliaye ugomvi wa wavulana. Kitabu chaitwa The Outsiders, maana yake watu walio nje.

Ili kukifahamu kitabu hapana budi kuufahamu mji. Tulsa ulianzishwa na watu wa taifa la Creek, wenyeji wa asili wa Marekani waliohamishwa kwa nguvu kutoka kusini mashariki mwa nchi katika miaka ya 1830. Mwaka 1900 ulikuwa na watu wapatao 1,400 tu. Mwaka 1905 mafuta mengi yaligunduliwa Glenn Pool, kusini ya mji, na kufikia 1920 wakazi walikuwa wamezidi 70,000. Matajiri wakajenga majumba ya fahari, na mji ukajiita makao makuu ya mafuta ya dunia. Lakini neema iliyotoka chini ya ardhi haikugawanyika sawasawa juu yake. Walikuwako wenye visima, na walikuwako watu wa kazi za mikono.

Watoto wa pande hizi mbili ndio watu wa riwaya. Upande wa magharibi wakaa Socs, vijana wa ukwasi na magari mazuri. Upande wa mashariki wakaa Greasers, maskini waliopewa jina hilo kwa sababu ya nywele zao ndefu zilizopakwa mafuta. Msimulizi, Ponyboy Curtis, ana miaka 14. Wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari, naye hulelewa na nduguze. Mkubwa, Darry, mwenye miaka 20, alikosa kwenda chuoni kwa upungufu wa fedha, na sasa huezeka mapaa. Wa pili, Sodapop, ameacha shule na kufanya kazi katika kituo cha petroli. Mwandishi hakuhitaji kutuhubiria habari za visima. Katika mji uliotajirishwa na mafuta, fungu la nyumba hii ni kuyatia katika magari ya wengine.

Usiku mmoja, katika bustani, Socs wamzamisha Ponyboy kichwa majini. Rafiki yake Johnny, kijana wa miaka 16, kwa hofu amchoma kisu mmoja wao, Bob, akafa. Wakimbia wakajificha katika kanisa tupu la shamba. Kanisa lashika moto, nao waingia kuwaokoa watoto waliomo. Waliokuwa wahuni jana waitwa mashujaa gazetini leo. Baadaye makundi yapigana, na Greasers washinda. Usiku uleule Johnny afa kwa majeraha yake, na Dally, mwenzao, auawa kwa risasi za polisi. Kabla ya pigano Randy, kijana wa Socs, alikuwa amekwisha kumwambia Ponyboy kuwa ushindi hautabadili kitu: walio chini watabaki chini, na walio juu watabaki juu. Alisema kweli, kwa kuwa ngumi haihamishi mali.

Yawezekana kumlaumu mwandishi kuwa dawa yake ni huruma tupu. Ponyboy na Cherry, msichana wa Socs, wagundua kuwa kila mmoja kwake hulitazama jua lilelile likichwa. Lakini jua hilo halimpeleki Darry chuoni. Lawama hii ina haki, ila haikusikiliza yote. Jambo limtishalo Ponyboy kupita kipigo ni amri ya hakimu, kwani serikali yaweza kuwatenga ndugu hawa watatu. Mtoto wa tajiri akikosea ana mali ya kumkinga. Mtoto wa maskini hana ila watu wake, na hao pia aweza kunyang'anywa. Wahenga walisema mtu ni watu. Kwa Greasers neno hilo si pambo la maneno bali ni paa la nyumba.

Hata hivyo, katika Tulsa walikuwako watu walio nje zaidi. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 umati wa Wazungu uliteketeza Greenwood, mtaa wa Waamerika Weusi uliositawi kwa biashara kaskazini ya reli. Nyumba zaidi ya 1,000 ziliungua, na waliouawa hukadiriwa kufikia 300. Kwa miongo mingi habari hii haikufundishwa shuleni. Tume ya jimbo iliyoundwa 1997 ilitoa taarifa yake 2001. Greenwood haitajwi katika riwaya. Simlaumu msichana wa miaka 15 kwa kutoandika aliyonyimwa na wakubwa, lakini yafaa msomaji ajue kuwa mpaka aliouona ulikuwa mmoja katika mipaka mingi.

Mwisho wa kitabu Ponyboy aketi kuandika insha aliyopewa na mwalimu wake, na insha hiyo ndiyo kitabu chenyewe. Faida yake yaonekana hata leo. Nyumba iliyotumiwa kuwa ya akina Curtis katika filamu ya Francis Ford Coppola ya 1983 ilifunguliwa kuwa makumbusho Tulsa mwaka 2019. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo, uchimbuzi ulianza katika makaburi ya Oaklawn, kutafuta maiti wa Greenwood waliozikwa bila alama. Walioandikiwa insha wamehifadhiwa nyumba yao. Wasioandikiwa wangali wakitafutwa udongoni.