Ugonjwa Unaotaka Mtu Arudi

Ukifuatilia historia ya afya katika nchi ya Waha, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, unakutana na watu wanaohamishwa. Malale yalipotanda miaka ya 1930, serikali ya Waingereza iliwatoa watu kwenye makazi yao yaliyotawanyika ikawakusanya pamoja, mbali na mbung'o. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Wakahamishwa tena, safari hii kwenda vijiji vya ujamaa, kwa ahadi ya shule, maji na zahanati. (Katikati hapo wanaume wengi walikuwa wameshaondoka kwenda kukata mkonge kama manamba. Hiyo ina makala yake.)

Huduma za vijijini, Busunzu ikiwamo, zilikulia kwenye fikra hiyo: ugonjwa unavamia, serikali inakuja, inachanja au inagawa dawa, inaondoka. Kwa surua imeokoa watoto wengi, tusibeze. Ila kisukari hakivamii mtu, kinahamia kabisa. Mgonjwa anataka kupimwa sukari, kuangaliwa miguu na kupata vidonge au insulini mwezi huu, mwezi ujao, na bado mwaka wa kumi. Mwenye kutegemea insulini akiikosa siku chache tu, anaweza kufa.

Sasa kwa nini kijiji hakikuhesabiwa? Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,000 vijijini Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Kazi ilikuwa safi, tena ya mwanzo kwa ukubwa ule. Lakini vijiji vile vilikuwa Kilimanjaro, Morogoro na Mara, Kigoma haikuwamo. Hata hivyo kisukari kikabaki kuitwa ugonjwa wa mjini, wa wenye vitambi na magari, na mkulima wa mihogo anayekonda na kukojoa usiku kucha akatafutiwa sababu nyingine, uchawi ukiwamo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu kama 9 katika kila mia wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Njia za kupima hazikuwa zilezile, kwa hiyo huwezi kutoa namba moja kwenye nyingine hivihivi. Lakini ile habari ya "mjini tu" ilikuwa imekwisha.

Januari 2024 Makamu wa Rais Philip Mpango, mwenyewe mtu wa Kigoma, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Safari hii basi anayekuja ni mkazi wa palepale, anayejua nani kakonda na nani kaacha kwenda kliniki kwa kukosa nauli. Swali langu ni dogo: mkobani mwake kuna nini? Mashine ya kupimia sukari bila vijiti vyake ni pambo, na vijiti huisha. Vikiisha, bado anaweza kubisha hodi, akaomba maji ya vuguvugu, akamwambia mzee avue viatu amwangalie nyayo.