Duara la Kimpumu

Bibi yangu alikuwa mpika kimpumu, na tangu hapo sijaona aliyemudu umati wa wanywaji kama yeye. Siku pombe imeiva watu walijaa uani tangu asubuhi, lakini hakuna aliyepanga foleni. Walikaa duara.

Kimpumu ni pombe ya ulezi, nzito kama uji uliolala. Haichujwi. Inapakuliwa kwenye chungu, inamiminiwa maji ya moto, kisha kila mtu anachomeka mrija wake wa tete na kufyonza. Maji yakipungua yanaongezwa mengine, na chungu kile kile kinaendelea kuhudumia watu mpaka machicha yapauke. Kwetu Ufipa, mkoani Rukwa, ni juu sana, na baridi ya mwezi wa sita Sumbawanga ni ya kukunja vidole. Maji yale yanapasha mwili kabla pombe haijapanda kichwani. Kwa bibi, maji ya moto ndiyo yalikuwa siri ya kumudu watu. Walioongezeka hawakungoja chungu kipya. Walipata nafasi ya mrija, naye akaongeza maji. Mwenye pupa alijulikana papo hapo, maana macho yote yalikuwa kwenye chungu kimoja.

Duara hilo lilianzia shambani. Wafipa walilima kwa ntumba: mvua zikielekea mwisho, majani yanakatuliwa kwa jembe na kufukiwa kwenye vilima vya mviringo, yaoze. Msimu unaofuata vilima vinabomolewa, udongo unasambazwa, ulezi unapandwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na nyumba moja haiimalizi. Kwa hiyo mwenye shamba alipika pombe, akaalika majirani. Walioshinda na jembe waliketi kwanza. Aliyefika na mdomo mtupu alisubiri pembeni mpaka wenye matope miguuni watosheke, na hakunung'unika, kwa sababu utaratibu aliukuta.

Baadaye likaja jembe la kukokotwa na ng'ombe, na mahindi yakatanda. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama ghala la mahindi la taifa. Kazi ya majirani kumi ikafanywa na jozi ya maksai, na pombe ikahamia kilabuni, ikawa ya kuuzwa. Hapo sijui kama tulipata zaidi au tulipoteza zaidi. Ninachojua ni kwamba fedha ya kimpumu ndiyo iliyoninunulia sare ya shule.

Kilabuni kwetu wanawake walipeana zamu. Leo anapika huyu, keshokutwa yule, ili pombe ya mtu isichachuke kwa kukosa wanywaji. Krismasi moja, nikiwa na miaka kumi na moja, mwenye zamu alifiwa. Wateja wake wote wakamiminika kwa bibi. Waliokuwa nyuma walisukuma, chungu kikubwa kikapata ufa, na uji wa ulezi ukaanza kuchuruzika kwenye vumbi.

Bibi hakupaza sauti. Aliziba ufa kwa kiganja, akaagiza vyungu vitatu vidogo vilivyokuwa jikoni, akagawa pombe yote humo. Kimoja akakipeleka chini ya ukuta kwa wazee, cha pili kwa wanawake, cha tatu mlangoni kwa vijana, mbali kabisa na wazee. Duara moja lililokuwa likivunjika likawa maduara matatu. Kisha akanikabidhi birika. "Mjukuu wangu," akaniambia, "usisimame mahali pamoja. Anayeona maji yanakuja hasukumi."

Nilizunguka mchana kutwa, kutoka ukutani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi motoni, mvuke ukiniunguza kifundo cha mkono. Jua lilipotua machicha yalikuwa meupe, na wazee bado wameshika mirija yao.