Wanawake 3,000 Waliogoma Kufua, na Bei Yetu ya Mia Tano

Acha nianze na meseji. Mwezi uliopita msimamizi wa ploti moja tunayofulia alituandikia kwamba kuanzia Jumatatu kila mama fua anayeingia getini atalipa shilingi 100 kwa siku. Risiti hakuna, sababu hakuna.

Sisi ni watano. Kuna mathe wangu, kuna wamama watatu aliokuwa akikaa nao nje ya mageti wakingoja kuitwa, halafu kuna mimi. Mimi nashika simu, natafuta wateja, nahesabu pesa, na siku kazi ikizidi naingiza mikono kwa besheni. (Ndio, niliacha chuo. Hiyo stori mnaijua, tusirudie.) Fua ya kawaida tunatoza 500. Ondoa 100 ya geti, ondoa nauli, ondoa chai na mandazi ya saa nne. Fanya hesabu mwenyewe.

Mimi nikikasirika huwa nasoma historia. Wengine wanapiga ukuta. Usiku ule nilisoma mpaka nikajikuta Atlanta, Marekani, mwaka wa 1881, na nikakuta watu wameshaipitia hii meseji yangu zamani sana.

Utumwa ulikuwa umeisha miaka 16 tu kabla. Wanawake weusi wa Atlanta waliofanya kazi ya mshahara karibu wote walikuwa kwa nyumba za watu: wapishi, yaya, wasafishaji. Lakini waliokuwa wengi kuliko wote ni wafuaji, na kuna sababu. Mpishi alikuwa chini ya macho ya bibi mwenye nyumba kutoka asubuhi hadi usiku. Mfuaji alichukua nguo Jumatatu, akaenda nazo kwake, akazirudisha Jumamosi zikiwa zimepigwa pasi. Katikati hapo hakuna mtu wa kumsimamia kichwani. Alilea watoto wake huku akifua, na mara nyingi walifua pamoja na majirani, wakipiga stori. Kwa lugha ya leo, hao walikuwa wamejiajiri.

Ila msidhani ilikuwa raha. Maji walichota kisimani au kwenye pampu na kubeba wenyewe. Sabuni walitengeneza wenyewe, wanga wa kukazia nguo walitengeneza kwa pumba za ngano, na besheni zao zilikuwa mapipa ya bia yaliyokatwa katikati. Nguo zilichemshwa kwa sufuria kubwa juu ya moto, kisha pasi ya chuma, ile nzito, kwenye joto la Georgia. Kwa hayo yote mtu alipata kati ya dola 4 na 8 kwa mwezi. Na sabuni ni juu yake, manze! Hiyo ndiyo sehemu iliyonigusa, kwa sababu hata sisi tulianza hivyo. Mathe alikuwa akinunua sabuni ya mteja kwa pesa yake kwa kuona aibu kuitisha.

Julai 1881, wafuaji kama 20 walikutana kanisani, wakaunda chama chao cha wafuaji, wakakubaliana bei moja: dola moja kwa kila ratili 12 za nguo. Hiyo ni kama kilo tano na kitu. Mtu asifue chini ya hapo. Halafu wakaanza kutembea nyumba kwa nyumba wakiongea na wafuaji wengine. Hakuna simu, hakuna gari. Baada ya wiki tatu walikuwa wamefika 3,000, wakiwemo wafuaji weupe wachache waliokuwa mjini. Na wakagoma.

Sasa uelewe walichagua wakati gani. Mji ulikuwa unajiandaa kwa maonyesho makubwa ya pamba yaliyofunguliwa Oktoba mwaka ule, na wakubwa wa Atlanta walitaka kuonyesha dunia mji mpya wenye wafanyakazi watulivu wa bei rahisi. Halafu nguo chafu zinarundikana. Wengine walirudishiwa mashati yakiwa bado na maji.

Majibu yalikuja haraka. Polisi walikamata wanawake kadhaa waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba, wakapigwa faini. Wenye nyumba wakatishia kuongeza kodi. Matajiri wakazungumzia kujenga dobi kubwa la mvuke, na wakataka wasamehewe ushuru. Halafu ikaja ile iliyonifanya nikae wima kitandani. Halmashauri ya mji ikapendekeza kila mwanachama wa chama cha wafuaji alipe leseni ya dola 25 kwa mwaka.

Dola 25, kwa mtu wa dola 4 au 8 kwa mwezi. Ni mapato ya miezi mitatu hadi sita. Lengo halikuwa mapato ya mji, buda. Lengo lilikuwa kuvunja watu.

Lakini angalia wale wamama walivyojibu. Walimwandikia meya barua na kumwambia, kwa ufupi, kwamba wako tayari kulipa hiyo leseni, 25 au hata 50. Ila wakishalipa, iwe ni ulinzi: kazi ya kufua mji mzima iwe mikononi mwao na bei wapange wao. Walichukua rungu walilotaka kupigwa nalo, wakauliza kama linakuja na mpini. Mwishowe halmashauri ikaikataa leseni, na wakati huohuo wapishi, yaya na wahudumu wa hoteli moja nao wakawa wanaitisha nyongeza.

Nilipomsomea mathe hiyo sehemu ya barua alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akaniuliza, "Na hapa kwetu je?"

Swali zuri, kwa sababu hapa kwetu hadithi ilianzia kwingine. Nairobi ya mkoloni, kazi ya nyumba ilikuwa hasa ya wanaume. Mtu mzima mwenye watoto anaitwa "boi". Neno dobi lenyewe tulilipata kutoka India. Na huyo mwanaume alikuwa na kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe cheti ndani ya kijaluba cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni. Watu wengi wanajua sehemu ya shingoni. Wachache wanajua kilichoandikwa ndani: umefanya kazi kwa nani, na alikulipa ngapi. Kwa hivyo ukienda kwa mzungu mwingine kuomba nyongeza, anafungua kijaluba, anaona mshahara wa mwisho, na mazungumzo yanaishia hapo. Kipande kilikuwa kati ya malalamiko ya Harry Thuku kabla hajakamatwa Machi 1922, na hakikuondolewa mpaka 1947.

Mimi nikikisoma hicho naona lile kundi la WhatsApp la wapangaji wa ile ploti. Mpangaji anaandika, "Mimi hulipa 300." Basi, bei ya jengo zima imeandikwa. Kila mama anayepanda ngazi anakutana na 300 mlangoni kabla hajasema hujambo. Na ukweli ni kwamba huyo wa 300 alikuwa mmoja wetu. Alikubali siku ambayo mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, na simlaumu. Ila tulizungumza.

Tulizungumza Jumapili, chumbani kwa mathe, sisi watano na wengine saba wanaofua majengo ya jirani. Mmoja, mkubwa kuliko wote, alisema yeye hawezi kugoma hata siku moja, ana wajukuu. Tukanyamaza kidogo. Yuko sahihi, na Atlanta haikunipa jibu la hilo. Tulichokubaliana ni kuchangishana 50 kila wiki, ili mtu akikwama asikimbilie bei ya 300. Sabuni ni ya mteja. Na tuache kusema "fua moja", kwa sababu fua moja ya mtu mwingine ni duveti tatu na mapazia. Nimenunua mizani ya kuning'iniza Gikomba, tunapima kwa kilo.

Kwa msimamizi tulituma meseji moja, majina kumi na mawili chini yake. Tutalipa 100 ya geti. Tunataka risiti, mahali pa kuanika, mfereji unaofanya kazi, na tangazo getini lenye bei yetu kwa kilo. Ameisoma tangu Jumanne. Zile tiki mbili za buluu naziona. Bado hajajibu, na pia hajatuitisha ile mia.