Vidato Vitatu vya Ukumbi

Mgeni aliyefika Singida Mjini hahitaji kuelezwa habari za mawe. Majabali yamesimama baina ya nyumba, yamezunguka maziwa ya Singidani na Kindai, na mtu mwenye miguu dhaifu ayajua kuliko mtaalamu wa miamba. Lakini majabali ni kazi ya Muumba, wala hayamo katika shauri langu. Nataka kusema habari za vidato vitatu vya saruji, kazi ya mikono ya watu, mbele ya mlango wa ukumbi mmoja wa jamii.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza katika ukumbi huo. Mzee mmoja, fundi viatu, ambaye miguu yake ilipooza kwa polio utotoni, alifika kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono. Vijana wawili walikuja mbio kumbeba. Akawashukuru, akakataa, akasogeza baiskeli chini ya dirisha, akasikiliza kutoka huko muda wa saa mbili juani. Mkutano ulipokwisha nilimwendea.

"Shikamoo, mzee. Mbona hukukubali wakuingize?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuja mkutanoni, sikuja hospitali. Tena abebwaye kuingia hungoja abebwe kutoka. Na haja ikimshika, amwambie nani mbele za watu?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza vidato vile vilitoka wapi.

Havikutoka katika nyumba za wenyeji. Tembe la Mnyaturu lilijengwa sawasawa na ardhi ya ua. Sakafu ya ndani na ya nje ilikuwa moja. Wala nisilisifu kupita kiasi, maana mlango wake ulikuwa mfupi na ndani mlikuwa na giza, kwa hiyo kipofu na mwenye mgongo wa kupinda waliona taabu yao. Lakini mtu atambaaye aliingia mwenyewe. Msingi wa kuinuliwa ulienea bara pamoja na majengo ya serikali, na sababu zake zilikuwa za haki: kukinga maji ya mvua na kuzuia mchwa. Hata hivyo yaelekea palikuwa na sababu nyingine isiyoandikwa katika ramani ya fundi. Bwana mkubwa alisimama juu barazani, na mwenye shauri alisimama chini.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika Vita Kuu ya Pili watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945, serikali ilianza kujenga nyumba za ustawi wa jamii katika miji, zenye chumba cha kusoma, redio, chai na michezo, na miongoni mwa watu waliokusudiwa kwanza walikuwa askari waliorudi. Katika kundi kubwa namna hiyo hapana shaka walikuwamo waliorudi kwa mguu mmoja, na waliorudi bila macho. Nyumba iliyokusudiwa kuwapokea askari ikarithi umbo la ofisi ya bwana, pamoja na vidato vyake.

Isidhaniwe kuwa dunia ya wakati ule haikujua dawa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, mji wa Kalamazoo huko Marekani ulikata kingo za njia za miguu na kuzifanya miteremko, kwa ajili ya askari wake waliojeruhiwa. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu, Wamarekani walichapa kipimo cha kwanza cha majengo yanayofikika, nacho chasema hivi: kwa kila sentimita moja ya kimo, mteremko uwe na sentimita 12 za urefu. Baada ya uhuru tulijenga kumbi kwa nguvu zetu wenyewe, kwa moyo wa kujenga taifa. Moyo ulikuwa mpya, lakini ramani ilikuwa ile ile.

Lugha yetu nayo ilikuwa na vidato vyake. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: majina haya yote tumeyapanga pamoja na kiti na kikapu, ingawa kitenzi kiliyastahi, maana husemwa kiwete amekuja, si kiwete kimekuja. Sheria mbili za mwaka 1982 zilihusu ajira na matunzo ya walemavu. Sera ya mwaka 2004 ikasema "watu wenye ulemavu", mtu akitangulia na ulemavu ukifuata. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikataka majengo ya umma yafikike na watu wote. Ulimi umepanda vidato hivyo vyote. Saruji bado.

Na gharama si ya kutisha. Vidato vitatu vya sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Mteremko wake wahitaji mita 5 na sentimita 40, na Singida haikosi mawe wala mchanga. Mlango uache nafasi ya sentimita 90. Upepo wetu ni mkali, na watu wamezoea kuzuia mlango kwa jiwe. Jiwe hilo ni kidato cha nne, lafaa liondolewe na kulabu itiwe ukutani. Choo chataka kiti, vyuma vya kushika, na nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuza magurudumu. Asiyesikia hatafaidika na mteremko: yeye ahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na taa imwangaze mkalimani huyo usoni na mikononi.

Nilipopeleka shauri hili, mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, bila ubaya, ni walemavu wangapi wanaokuja ukumbini. Daftari la wageni likafunguliwa, asionekane hata mmoja. Nikawaeleza kuwa sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wana ulemavu, na kwamba daftari hilo huwekwa ndani, juu ya vidato. Wakanyamaza kidogo, kisha mwenyekiti akasema tutoke tukapime.

Fundi viatu alikuwapo, chini ya dirisha lake. Akashika ncha moja ya kamba, nami nikaiweka nyingine juu ya kidato cha tatu. Akairudisha baiskeli nyuma polepole mpaka kamba ikanyoka karibu na mwarobaini. Tukapata mita sita na kidogo.