Kufuta historia kwenye kompyuta ya kafe: ukishafuta, bado umeacha nini?

Msimu wa kuomba mikopo na ajira ukifika hapa Dodoma, kafe na steshenari za mjini, pamoja na zile za njia ya kwenda UDOM, zinajaa mpaka mlangoni. Kijana anakaa mbele ya mashine ambayo tangu asubuhi imeshakaliwa na watu kumi, anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo (HESLB) au ya Sekretarieti ya Ajira, analipa, anaondoka. Mimi ni wa kidato cha nne tu, lakini kwa hizi kazi zangu za kuandika kafe ndiyo ofisi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nifuteje historia watu wasijue nilikuwa naangalia nini?"

Nitaeleza. Ila niseme mapema kabisa, historia ndiyo kitu kidogo kuliko vyote unavyoviacha pale.

Haya, historia. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Inakubali kwenye Chrome, Firefox na Edge, huna haja ya kuhangaika na menyu. Kitatokea kisanduku, na sehemu ya muda ndiyo watu wengi hawaiangalii. Ikiwa imekaa kwenye saa moja iliyopita na wewe umekaa masaa matatu, basi mawili yamebaki kama yalivyo. Badilisha muda kwanza. Halafu weka tiki kwenye historia, vidakuzi na kashe, ndio ufute. Vidakuzi ni vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye kompyuta ili ikukumbuke. Ndivyo vinavyofanya mtu akifungua Facebook akute iko wazi kwa jina lako bila kuulizwa chochote. Pasiwedi zilizohifadhiwa hazifutiki kwa tiki hizo, kwa hiyo brauza ikikuuliza kama ikutunzie pasiwedi, kataa palepale yaishe.

Njia rahisi zaidi ni kutumia dirisha fiche tangu unapokaa. Chrome na Edge ni Ctrl, Shift na N. Firefox ni Ctrl, Shift na P. Ukifunga madirisha fiche YOTE, siyo moja, historia na vidakuzi vya humo vinaondoka. Jamani msidhani kwamba hapo mmejificha na dunia nzima. Mtoa huduma ya intaneti bado anaona unatembelea tovuti zipi, na tovuti yenyewe inakuona. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hilihili, watu wakilalamika kwamba walifuatiliwa wakiwa kwenye dirisha fiche. Mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu. Na kwa upande wa kafe zetu, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kafe wafunge kamera ndani na kutunza kilichorekodiwa. Hakuna Ctrl wala Delete ya kufuta kamera!

Sasa tuje kwenye kitu kinachonitoa jasho. Fungua folda ya Downloads kwenye mashine yoyote ya kafe, uone. Nimekaa kwenye kafe moja mjini, nikataka kutafuta faili langu, nikakuta vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, namba za NIDA, barua za maombi ya kazi, mpaka picha za pasipoti za watu nisiowajua. Hakuna aliyewaibia. Walipakua wenyewe kutoka kwenye imeili au WhatsApp ili wachapishe, printa ikatoa karatasi, wakachukua karatasi wakaondoka. Kufuta historia hakugusi mafaili hayo hata kidogo. Unaweza kufuta orodha ya vilivyopakuliwa ndani ya brauza na faili likabaki limekaa kwenye folda linakutazama.

Na fomu ya mkopo ndiyo inaacha mizigo mingi kuliko zote. Unaichapisha, unazunguka kutafuta saini na mihuri, unarudi kuskani, unapandisha. Kila hatua ina faili lake, na faili la kuskani mara nyingi linakwenda kwenye folda ya mhudumu, siyo ya kwako. Mwombe alifute ukiwa umesimama pale. Si ukali, ni haki yako, na wengi ninaowafahamu hawakatai. Wewe mwenyewe ukifuta ya kwako, chagua faili kisha bonyeza Shift na Delete, lisipitie kwenye pipa la taka la Windows. Ukitumia Delete peke yake, linakaa kwenye pipa na mtu anaweza kulirudisha.

Mtu atauliza, namba yangu ya NIDA ina faida gani kwa mtu mwingine? Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ni kweli kusajili laini kunataka alama ya kidole, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Lakini tapeli hahitaji laini yako. Akimpigia mama yako Kondoa au Mpwapwa, akataja jina lako lote, tarehe ya kuzaliwa, shule uliyosoma na chuo ulichoomba, halafu akasema kuna ada ndogo ya kukamilisha mkopo, mama atatuma. Yote hayo yapo kwenye faili moja uliloliacha.

Akaunti zenyewe nazo. Kwenye mfumo wa Bodi unajisajili kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na hiyo si siri, darasa zima mlikaa kwa kufuatana namba. Kilichobaki kukulinda ni pasiwedi, basi. Kwa hiyo toka kwenye akaunti kwa kubonyeza kitufe cha kutoka, usitegemee kufunga dirisha, na wala usitegemee kufuta vidakuzi peke yake. Chrome ikiwa imeunganishwa na akaunti yako ya Google, unaweza kufuta kila kitu na akaunti ikabaki ndani. Tena mbaya zaidi, historia uliyofuta inaweza kufutika na kwenye simu yako.

Kuna mambo mawili ya kafe zetu ambayo maelekezo ya wazungu hayayataji. Moja, muda ukiisha skrini inajifunga, lakini madirisha yako hayajafungwa, yako nyuma yanamsubiri atakayelipia. Acha dakika tano za mwisho kwa ajili ya usafi. Pili, umeme. Ukikatika, watu wanainuka na kuondoka. Ukirudi, brauza inauliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, na wa baada yako akikubali, inaweza kumrudishia na akaunti yako ikiwa wazi vilevile. Kama unaweza, subiri. Kama huwezi, malizia kwenye simu.

Na wewe unayekuta akaunti ya mwenzako iko wazi, funga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na "nilikuta wazi" siyo ruhusa.

Mashine zenyewe nyingi ni za zamani. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, bado naiona. Programu ya kunasa kila kitufe unachobonyeza ikiwa ndani ya mashine hiyo, kufuta historia hakusaidii kitu. Mambo ya benki usifanyie pale.

Kama umeshaondoka na una wasiwasi, chukua simu. WhatsApp ina sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa kompyuta yoyote unayoikuta pale. Kwenye akaunti ya Google, ingia sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa, kisha badilisha pasiwedi. Ukiona imeandikwa Windows na wewe unamiliki simu tu, hiyo ndiyo ya kafe. Itoe.