470 ama 1,000? Rezista ya skrini ina historia, si uchawi

Ndani ya amplifaya ya gita ya valvu kuna kitu kidogo ambacho hakifiki urefu wa kidole gumba. Bei yake haifiki ya sahani ya chipsi, lakini kikikosewa kinaweza kwenda na valvu, fyuzi na hata transfoma. Kinaitwa rezista ya skrini. Si skrini ya simu, tulia, tutafika hapo.

Huku kwetu Magwagwa, na hata ukishuka mpaka Sondu, ukimpelekea fundi amplifaya ya zamani ambayo rezista hiyo imeungua, majibu ni mawili. Wa kwanza atasema, "weka kama ile iliyokuwa." Wa pili ataingia intaneti achukue nambari ya kwanza atakayoona. Mimi nasema wote wawili wanabahatisha. Ile nambari, iwe 100, 470 ama 1,000, ina historia yake. Ukiijua, unachagua. Usipoijua, unakisia na pesa ya mwenyewe.

Tuanze mwanzo. Valvu ni chupa ya glasi isiyo na hewa ndani. Katikati kuna katodi inayopashwa moto mpaka itoe elektroni. Pembeni kuna anodi yenye volti nyingi inayozivuta, na kati yao kuna wavu mwembamba, yaani gridi. Sauti ya gita inaingia kwenye gridi, ikifungua na kufunga njia kama mlinzi wa geti. Shida ni kwamba gridi na anodi zilikaribiana mno hadi zikawa zinaingiliana. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani Walter Schottky akaweka wavu wa pili katikati ili kuzitenganisha. Huo wavu wa pili ndio skrini. Mwaka wa 1926 Bernard Tellegen wa kampuni ya Philips, Uholanzi, akaongeza wa tatu, pentodi ikazaliwa. Mwaka wa 1936 kampuni ya RCA ya Marekani ikatoa 6L6, valvu ambayo nyaya za skrini yake zimejificha nyuma ya nyaya za gridi ya kwanza, ndiyo elektroni nyingi zinapita bila kuigonga. Shika hiyo pointi, tutairudia.

Sasa sikia taabu inapoanzia. Skrini nayo ina volti nyingi, karibu sawa na za anodi. Ukipiga gita polepole, elektroni nyingi zinaenda kwa anodi na kila mtu anaridhika. Ukifungua sauti mpaka mwisho, kuna nukta ambapo volti za anodi zinaanguka chini kabisa huku za skrini zikibaki juu. Ni kama umati uliokuwa unaelekea mlango mkubwa, mlango ukafungwa, wote wakageukia dirisha. Skrini ni waya mwembamba tu. Inapata moto, inawaka nyekundu, mwishowe inayeyuka na kugusana na jirani yake. Kazi ya rezista ni kuzuia hiyo fujo. Mkondo ukizidi kupita ndani yake, volti zinazofika kwa skrini zinapungua, na skrini haivuti tena kwa nguvu ile. Inajidhibiti yenyewe.

Nambari zilitoka wapi basi? Fender Deluxe ndogo za Marekani za miaka ya 1950 hazikuwa na rezista hiyo kwenye kila valvu. Zilikuwa za volti za wastani, na watu hawakuzipiga kwa fujo. Amplifaya zilipokuwa kubwa, mambo yakabadilika. Ukifungua Fender za miaka ya 1960 zenye 6L6, utakuta omu 470 za wati 1. Huko Hanwell, London, Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma na vyombo vya muziki. Mwaka wa 1962 yeye na mafundi wake wakachukua mchoro wa Fender Bassman wakatengeneza ya kwao, sababu zile za Marekani zilikuwa ghali kuzileta. Baadaye wakahamia valvu iliyopatikana kwao kwa urahisi, EL34. Hii ni pentodi kamili, nyaya za skrini yake hazijajificha kama za 6L6, kwa hivyo inavuta mkondo mwingi zaidi kwa skrini. Ndiyo maana Marshall nyingi za EL34 utazikuta na omu 1,000 za wati 5.

Umeona hapo? Waingereza walifanya kile kile ambacho mafundi wetu wa Luthuli Avenue wanachekewa kila siku: walichukua kitu cha mwingine wakakitengeneza kwa spea zinazopatikana karibu. Kubadilisha si aibu. Aibu ni kubadilisha valvu halafu ukaiacha rezista ya valvu ile nyingine.

Na sisi hatukuwa watazamaji. Miaka hiyo hiyo Nairobi ilikuwa na Equator Sound Band, ikiwa na watu kama Daudi Kabaka na Fadhili William, gita za umeme zikilia. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulipigwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka wa 1968 na ukapanda chati kule kwao. Upande wa Ziwa, benga ikachukua mdundo wa nyatiti ikauweka kwa gita, D. O. Misiani na Shirati Jazz wakaueneza. Huku kwetu, kwa watu wa obokano yenye nyuzi nane, marehemu Christopher Monyoncho akaimba benga kwa Ekegusii.

Benga inataka gita safi. Solo inakimbia, kila noti isikike peke yake. Ushauri mwingi wa intaneti umeandikwa kwa watu wa roki, wanaotaka amplifaya ikwaruze. Rezista kubwa, tuseme omu 2,200, inalinda valvu sana lakini inabana sauti na kupunguza nguvu ya mwisho. Kwa roki hiyo inaweza kuwa tamu. Kwa solo ya benga utaona kama gita limefunikwa blanketi. Lakini pia usiruke upande wa pili uiondoe kabisa. Harusini umati ni mkubwa, amplifaya inafunguliwa mpaka mwisho, na huo ndio wakati skrini inateseka zaidi.

Kwa hivyo unachagua hivi. Kwanza angalia valvu: EL84 skrini yake inavumilia wati 2 tu, 6L6GC wati 5, EL34 wati 8. Mahali pazuri pa kuanzia ni omu 100 kwa EL84 yenye volti za chini kama za Vox AC30, 470 kwa 6L6, na 1,000 kwa EL34. Kila valvu ipate yake. Kisha piga hesabu ya joto. Mkondo wa miliampea 40 ukipita kwenye omu 470, unapoteza volti karibu 19 na joto la wati 0.75. Kwenye omu 1,000 ni volti 40 na wati 1.6. Nunua yenye uwezo mara mbili ama tatu ya hapo, ya waya ama isiyoshika moto, na uiinue kidogo ipate hewa.

Halafu kuna stima. Yetu ni ya volti 240. Amplifaya yenye transfoma ya 220 ukiichomeka hapa, volti za ndani zinapanda kwa asilimia 9 hivi: 450 inakuwa karibu 490. Skrini inaumia hata kabla hujashika gita. Kwa hiyo pima volti za hapo ulipo, usiamini karatasi iliyoandikwa nchi nyingine.

Na tafadhali, kapasita za ndani zinabaki na mamia ya volti hata ukishatoa plagi. Zinaua. Kama hujui kuzimaliza chaji, muachie fundi, lakini muulize swali moja: "Hii nambari umeichagua kwa nini?" Akikujibu vizuri, mlipe bila kubishana bei. Akikujibu, "ndiyo ilikuwa hapo," beba amplifaya yako uende nayo.