Kilimo cha kahawa katika milima ya Ileje

Kilimo cha kahawa katika milima ya Ileje hufanywa na wakulima wadogo kwenye miteremko ya kusini mwa Mkoa wa Songwe, Tanzania, katika kata kama Ikinga, karibu na mpaka wa Malawi. Aina inayolimwa ni arabika. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, hivyo maandishi ya kabla ya hapo huihesabu kahawa hii chini ya Mbeya.

Tofauti na Kilimanjaro, yenye masika na vuli, huku kuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Mvua za kwanza huamsha maua meupe ambayo hudumu siku chache tu. Tunda huchukua miezi 7 hadi 9 kuiva, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukuaji wake hupita mvuani.

Hapo ndipo penye hatari. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu (Colletotrichum kahawae), hushambulia buni changa na hupenda ubaridi na unyevu wa milimani. Matone ya mvua hurusha vimelea kutoka tunda hadi tunda. Doa jeusi lililodidimia hutokea, kisha buni hukauka au kudondoka. Mkulima anayesubiri kuona madoa amekwisha kuchelewa, kwani dawa za shaba, kama mrututu, hukinga tu, haziponyi. Tena mvua huziosha, na kila kurudia ni gharama.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Mbimba wilayani Mbozi, imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Aina za zamani, N39 na KP423, hazina kinga hiyo. Hata hivyo kung'oa mibuni ya zamani si uamuzi mwepesi: miche mipya huanza kuzaa baada ya miaka 2 au 3, na ada za shule hazisubiri. Njia ya busara ni kubadilisha shamba kidogo kidogo.

Udongo nao huhitaji ulinzi. Matuta hufuata kontua, kukatisha mteremko, na matandazo ya nyasi au majani ya migomba hupunguza kasi ya maji. Palizi ya jembe wakati wa mvua kubwa hulegeza udongo ukasombwa. Afadhali kufyeka magugu.

Uchumaji huanza mvua zinapopungua. Zikichelewa kukoma, kahawa iliyooshwa hufunikwa kwenye vichanja isiote ukungu.